"Fresh" si "bichi" tu

Mhariri,

Wanafunzi wengi hutafsiri neno la Kiingereza "fresh" kuwa "bichi" popote wanapolikuta, na hapo ndipo wanapopotea. "Fresh water" ni maji yasiyo na chumvi, hata yawe machafu: Ziwa Nyasa ni "fresh", Rukwa lina magadi. "Fresh paint" ni rangi ambayo haijakauka, usiegemee. "Fresh bread" ni mkate uliotoka kuokwa; "fresh start" ni kuanza upya.

Maziwa ya ng'ombe ya Rungwe tunayaita freshi kwa kuwa hayajaganda; Mwingereza hutofautisha zaidi na ya unga au ya kopo.

Kwa watu, tahadhari. Mmarekani akimwambia kijana asiwe "fresh", anamkemea kwa sababu kijana huyo ni mfidhuli, wala si ile "freshi" yetu ya kujibu salamu pale sokoni Mwanjelwa.

Msomaji,
Mbeya