Mama, lile debe la mwisho la kahawa usiliuze kwanza

Hamburg, Jumapili jioni

Baba na Mama shikamooni, Bibi shikamoo sana, na wewe dogo mambo vipi,

Mi mzima kabisa, nina wiki ya pili sasa huku na najua mnasema huyu mtoto katuma voisi mbili tu halafu kimya, nisameheni jamani, ratiba imebana, tunatoka asubuhi tunarudi usiku na nikigusa kitanda ni usingizi. Leo Jumapili maduka yote yamefungwa labda yale ya stesheni, mji umetulia kama kijijini kwetu Kilema saa za misa, nikasema leo naandika yote. Dogo utamsomea Bibi taratibu, usiruke kitu.

Baridi ipo ila sio ile mliyonitisha nayo, sweta la Bibi ndo navaa kila siku. Mama niliyefikia kwake ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, watoto wake walishahama, ananitunza vizuri sana. Siku ya kwanza alinipa kikombe nikapokea kwa mikono miwili nikamwamkia shikamoo, akaniuliza maana yake nikamweleza, basi tangu siku hiyo kila asubuhi nikitoka chumbani ananiwahi yeye, "marahaba!", hata sijafungua mdomo. Salamu ya watu wa Hamburg ni "Moin", asubuhi moin, jioni moin. Na mimi nimeshaizoea, nikipanda basi namwambia dereva moin na anaitikia.

Kwenye huu mpango wa kubadilishana vijana tuko kumi kutoka nyumbani na wao wa huku kumi, Februari itakuwa zamu yao kuja Moshi. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010 kwa hiyo wengi hapa Dar wameshaisikia, Moshi ndo mpaka useme Kilimanjaro. Kazi yetu ni hii, kila kikundi kina watu wanne, wawili wa kwetu wawili wa kwao, mnafikiria biashara inayoweza kuunganisha pande zote mbili halafu wiki ya mwisho mnaielezea mbele ya watu wanaofanya biashara kweli. Sisi tulichagua kahawa. Ningechagua nini kingine Baba?

Sasa sikilizeni ya Jumanne. Walitupeleka kwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa, sio kikubwa, kama nusu ya ukumbi wa parokia. Ukutani magunia yamepangwa, Ethiopia, Kolombia, Brazil, halafu kwenye kona ya chini kabisa naona gunia limeandikwa TANZANIA, AA (ndo daraja la punje kubwa), Kilimanjaro. Mama nilichuchumaa palepale nikaliwekea mkono. Mwenzangu wa Kijerumani akaniuliza vipi uko sawa, nikamwambia hii kahawa naichuma tangu niko darasa la pili. Najua sio ya kwetu, au labda punje mbili tatu humo ndani ni za kwetu nani ajuaye, ila nilisikia kama nimekutana na ndugu yangu ugenini.

Mwenye kiwanda akatukaangia mbele ya macho yetu, kilo 10 za kahawa safi, yaani ile iliyokwisha kukobolewa maganda yote, ya kijani kijani. Akaimwaga kwenye mashine, ikawa njano, ikatoa harufu kama mkate, halafu kama dakika ya tisa hivi ikaanza kupasuka pa pa pa kama bisi kwenye sufuria, na muda wote ule anachomoa kijiko kirefu kilichopo ubavuni mwa mashine, ananusa, anarudisha, ananusa tena. Ilivyotoka tukapima, kilo 8 na gramu 400, ile nyingine yote karibu ni maji yameondoka. Kisha akatufundisha kuonja, unaweka kahawa iliyosagwa kikombeni, unamimina maji ya moto, unasubiri dakika nne, unavunja ule utando wa juu na kijiko huku umeinamisha pua, halafu unaivuta kwa kelele kabisa kama mtu anakunywa uji wa moto, Bibi ungenikemea. Ile ya kwetu ina uchachu mtamu hivi, ukimeza unabaki na utamu mdomoni muda mrefu. Machozi yalinilengalenga. Miaka 22 nimekulia ndani ya kihamba, lile shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, nimevundika, nimeosha, nimeanika kwenye vichanja, nimechambua mpaka vidole vinauma, na ile ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa vizuri. Kwetu tunakunywa chai.

Pale dukani kwake paketi ya gramu 250 ni yuro 9. Baba piga hesabu, kilo ni yuro 36, inagonga laki moja ya kwetu. Bei tuliyolipwa msimu uliopita unaijua, sina haja ya kuiandika. Niliumia, sikuficha, nilimwambia. Na yeye hakukasirika, akachukua karatasi akatuandikia yote, kuna kodi ya kahawa yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, kuna VAT asilimia 7, kuna pango, mishahara, umeme, paketi zenyewe, na kilo zinazopotea njiani. Hapo ndo nikaelewa vizuri, kilo 100 za kahawa yenye maganda tunazopeleka sisi zikikobolewa zinabaki kama 80, zikikaangwa zinabaki kama 67. Hata hivyo Baba ukitoa gharama zote pengo bado ni kubwa, na pesa nyingi iko pale kwenye kukaanga na kufunga, sio kwenye kuchuma.

Basi sisi kikundi tukaja juu, tukasema wazo letu tunakaanga Moshi tunaleta Hamburg ikiwa tayari kwenye paketi. Alhamisi tukaliwasilisha kwa majaribio, mwalimu akauliza maswali mawili tu. Kutoka Moshi mpaka hapa kwa meli ni muda gani? Na kahawa iliyokaangwa harufu yake inakaa muda gani? Tukanyamaza. Kahawa safi inatulia gunia kwa miezi, ndo maana inasafirishwa mbichi, ikishakaangwa saa yake imeanza kuhesabu. Mahali penyewe pa kuihifadhia walishapajenga zamani, panaitwa Speicherstadt, maghala marefu ya matofali mekundu yamesimama kwenye mifereji ya maji, walianza kuyajenga 1883, na tangu 2015 yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mle ndimo zilikuwa zinawekwa kahawa, chai, viungo, mazulia. Niliyatazama nikawaza mababu zetu walikuwa wanabeba magunia kichwani hawajui kabisa upande wa pili yanaingia wapi.

Na hilo la mababu Bibi nikwambie, maana ulinituma niwaulize. Walitupeleka Jenfeld, mtaa mmoja wa hapa Hamburg, kuna sanamu kubwa za ukutani zilizotengenezwa kipindi cha Hitler, askari Waafrika wanatembea na ofisa Mzungu wao, na nyingine ya wapagazi na mizigo. Niliwaeleza habari za Mangi Meli, yule mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, kama ulivyonisimulia, alivyonyongwa na Wajerumani palepale Old Moshi 1900, na kichwa chake ukoo unakitafuta mpaka leo. Wenzetu wa Kijerumani wawili hawakuwahi kusikia hata jina lake. Mmoja alilia, akaniuliza afanye nini, nikamwambia sijui, labda ukija Februari twende ukapaone mahali penyewe. Nilimkumbusha pia kwamba Rais wao Steinmeier alienda Songea 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji, kwa hiyo haya sio mambo ya kuogopa kuyasema. Tulikaa pale mpaka jua likazama. Bibi, tangu siku ile huyu binti na mimi tumekuwa ndugu kabisa.

Na ni yeye aliyeuliza swali lililonikosesha usingizi. Tunarudi kwenye treni ananiambia, hivi nikija kwenu Kilema nitakunywa wapi kahawa ya kwenu? Mama nilikosa jibu. Hoteli za kule juu nyingi zinaweka kopo la kahawa ya unga, na sisi wenyewe ndani hatuna hata punje iliyokaangwa.

Ndo wazo likageukia hapo. Kwa nini tuhangaike kuileta Ulaya wakati watu wa Ulaya wenyewe wanapita Marangu kila siku kwenda mlimani? Najua Materuni wanafanya, wageni wanatembezwa shambani wanatwanga wanakaanga wanakunywa, na wanajaa. Ila Kilema ndo kahawa ilipandwa na mapadre mwishoni mwa miaka ya 1890, kabla hata ya ushirika wa kwanza wa wakulima wa kahawa wa 1925, tuna hadithi ambayo wengine hawana na tuna Bibi wa kuisimulia. Mgeni anaingia kihambani kwetu, anaona mgomba na kahawa na mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, Baba anamwonyesha, anatwanga kwenye kinu, anakaanga, anakunywa, na akiondoka anabeba paketi. Wenzangu wa kikundi wamelikubali na Ijumaa tunaliwasilisha, niombeeni.

Sasa Mama naomba sana, maana wageni wanakuja Februari na msimu utakuwa umeisha. Lile debe la mwisho usiliuze kwanza, na kama mnaweza yawe mawili. Chukueni zile mbivu kabisa nyekundu, mzianike juani mpaka zikauke vizuri, msiziweke chini kwenye sementi na zisikae karibu na mafuta ya taa wala vitunguu, kahawa inavuta harufu. Baba najua utasema hiyo ni pesa ya ada ya dogo. Hela ya debe moja nitairudisha kwenye posho yangu, nimeshaitenga.

Jumapili ijayo nitapiga saa mbili usiku ya huko, huku itakuwa saa moja, dogo hakikisha simu ina chaji. Na Bibi, lile kaango la udongo ulilokuwa unakaangia karanga tulivyokuwa wadogo bado lipo? Lile lenye ufa kidogo pembeni. Msilitupe, nalihitaji.

Binti yenu