Mwanangu, usinunue seva kwanza

Oyaa mwanangu,

Vipi huko Mwanza, bi mkubwa hajambo? Mimi huku Sinza nipo tu, joto la kufa mtu na umeme umekatika tangu saa kumi, laptopu imebaki na asilimia 40, kwa hiyo ukiona nimeruka jambo ujue nawahi chaji.

Nimesoma meseji yako usiku nikacheka peke yangu, eti bosi wako kakubali kununua seva kubwa, hiyo kompyuta inayobeba mfumo wenu, kwa sababu kumtafuta mteja kwenye mfumo kunachukua sekunde nane. Tulia kwanza, usilipe. Hiyo kesi ndo ile yangu ya mwezi wa tatu, ile kazi ya jamaa wa Kariakoo anayeuza vitenge kwa jumla. Tulimuongezea RAM, yaani memori ya seva, kutoka giga 2 hadi 8, hela ikaenda, siku mbili watu wakasema afadhali, wiki haijaisha tukarudi palepale.

Kumbe shida ilikuwa namba za simu bana. Kila muuzaji anaandika namba ya mteja anavyojua yeye, huyu anaanza na 0, yule 255, mwingine anaweka na kijumlisha mbele, na kuna mama mmoja pale kaunta alikuwa anaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, tena kwa mpangilio mzuri kabisa. Sasa mimi kwa ujanja wangu nikasema basi tutafute kwa tarakimu tisa za mwisho, nikaandika LIKE, amri ya kutafuta kwa kufananisha, na alama ya asilimia mbele, yaani mwanzoni kuwe na chochote. Hiyo asilimia ya mbele ndo mchawi. Indeksi ya kawaida, ile orodha ya kutafutia haraka kwenye databesi, imepangwa kama daftari la majina, kuanzia herufi ya kwanza, sasa mwambie mtu akutafutie majina yanayoishia na "ma" uone, Halima yuko huku, Fatuma kule, Salma kule mwisho, lazima apekue daftari zima.

Nikaweka EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha kazi ilivyofanyika, mbele ya kwiri (swali unaloiuliza databesi), Postgres, databesi yenyewe, ikanijibu Seq Scan, yaani imesoma jedwali zima, na chini yake Rows Removed by Filter karibu milioni 6. Yaani imesoma na kutupa miamala milioni 6 ili impate mteja mmoja wa doti tatu za vitenge! Na wewe fanya hivyohivyo, ila angalia, hiyo amri inaendesha kwiri kweli kweli, ukiiweka mbele ya DELETE imefuta hiyo, kwa hiyo hapo anza na BEGIN malizia na ROLLBACK, irudishe kila kitu kilivyokuwa. Halafu usipimie kwenye laptopu yenye wateja wa majaribio mia mbili, jedwali likiwa dogo Postgres inaona bora isome lote tu hata kama indeksi ipo, utasema nakudanganya.

Dawa yenyewe: nilisafisha namba kwanza, nafasi na vijumlisha vyote nje, kisha nikatengeneza indeksi juu ya right(simu, 9), yaani tarakimu tisa za mwisho, na kwiri nayo nikaibadilisha iulize right(simu, 9) vilevile, maana ukiuliza kwa namna nyingine indeksi haiguswi. Nikapiga ANALYZE kwenye jedwali ili Postgres ipate takwimu mpya, nikajaribu, milisekunde 2. Nikahisi imeleta jibu la uongo, nikarudia mara tatu.

Ila nisijisifu, kabla ya hapo nilishaharibu. Ile indeksi mara ya kwanza niliianzisha Jumamosi saa sita mchana, duka limejaa, na CREATE INDEX ya kawaida inazuia watu kuandika kwenye jedwali mpaka imalize. Kusoma unasoma, ila mauzo hayaingii. Wauzaji wakarudi kwenye karatasi, bosi kanipigia simu tano, ya sita sikupokea. Wewe tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, inachukua muda zaidi ila watu wanaendelea na kazi, na usiiweke ndani ya BEGIN itakataa, na ikifia njiani inaacha indeksi mbovu, ifute uanze upya.

Na lile swali lako jingine, hiyo bildi (kuukusanya msimbo uwe programu) inayopita kwako halafu ikifika kwenye seva inasema faili halipo, angalia herufi kubwa na ndogo. Wewe uko Windows, kwake Malipo.js na malipo.js ni kitu kimoja, seva ya Linux inaona ni mafaili mawili tofauti. Na ukibadilisha herufi tu kwa kurineimu kwenye folda, Git ya Windows, ile inayotunza matoleo ya msimbo, mara nyingi haistuki, tumia git mv. Ikipita hapo halafu ikafa na neno Killed na namba 137, mara nyingi memori ndo imeisha, hapo kweli RAM ina kesi ya kujibu, ila jaribu kuweka swapu kwanza, yaani kipande cha diski kinachosaidia memori, ni bure.

Nitumie hayo majibu ya EXPLAIN ANALYZE leo, yote, na iwe maandishi, sio picha ya skrini kama siku ile ulipopiga na dole gumba likafunika mstari wenyewe niliokuwa nautaka. Na wale dagaa uliosema unanipa mtu wa basi mbona kimya, au nao wanasubiri indeksi?

Chaji inaenda, msalimie bi mkubwa.

Wako wa Sinza