Nimeuona mto wako ukiwa mchanga

Langoni, Lamu
Februari

Swahibu yangu wa tangu utotoni,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, hapa kwetu wote tu wazima, alhamdulillah. Kaskazi bado inavuma, samaki wapo, na bei ya nazi imepanda tena.

Ulinipigia simu mara tatu usinipate, ukamwambia mke wangu kwamba umeingiwa na wasiwasi. Nisamehe. Nilikuwa Mlima Kenya, ndani ya msitu ambamo simu haishiki. Tangu nirudi natafuta saa ya kutulia nikuandikie, maana niliyoyaona yanakuhusu wewe wa Kipini kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Unaukumbuka ule mlango uliouona karakanani kwangu, wenye mfaa, ule mti wa katikati, wa mbambakofi? Mwenyewe anakaa Meru, akataka nikauweke kwa mkono wangu. Nikaenda na mpwa wangu. Safari ni ndefu, nawe unaijua nusu yake: boti hadi Mokowe, basi, daraja la Garsen, Malindi, Mombasa, halafu Nairobi na Embu. Kazi ilituchukua siku nne. Siku ya tano mwenye nyumba akaniambia mwanawe huongoza wapanda mlima kwa njia ya Chogoria, na kwamba itakuwa haya mimi kufika mpaka pale nirudi Lamu bila kuukanyaga. Nikakubali. Walituazima makoti, mahema na mifuko ya kulalia, na mama wa nyumba akatufungia maharagwe, unga na majani ya chai. Mimi nilikuwa na halua na kahawa yangu.

Kileleni sikufika. Nakuambia mapema kwa sababu kila ninayekutana naye gatini ananiuliza hilo kwanza. Batian, kilele cha juu kabisa, ina urefu wa mita 5,199 na huipandi bila kamba na ujuzi. Lenana, kilele kingine, mita 4,985, hufikika kwa miguu, lakini sisi hatukuwa na siku za kutosha, na mpwa wangu kichwa kilimuuma tulipopita mita 3,500 hata tukamteremsha. Tulilala usiku tatu. Wa kwanza tulipiga hema karibu na lango la hifadhi, mita 2,950, na miwili iliyofuata tukalala juu kidogo kando ya mto. Vilele nilivitazama kwa mbali alfajiri, vyeusi, vina mistari michache ya barafu, na nikatosheka.

Nilichokwenda kukiona sikukijua mpaka nilipokuwa ndani yake. Ni msitu.

Ukitoka Chogoria mjini unapita mashamba ya kahawa, halafu ya chai, halafu ghafla chai inakatika kama imekatwa kwa msumeno na msitu unaanza. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 20 za barabara ya udongo hadi lango la hifadhi. Tulipanda gari mwanzo, kisha nikaomba tushuke tutembee, kwa sababu nilikuwa nimeiona kamfa. Wewe si fundi, ngoja nikueleze. Kamfa ni ubao ambao mafundi wa bara huusifu sana. Una harufu inayokaribia karafumaiti, na wadudu hawaupendi. Nimewahi kuuranda. Lakini mti wenyewe sikuwa nimeuona hata siku moja. Shina moja tulilizunguka watu watatu mikono haikukutana. Nikaweka kiganja juu ya gome lake nikasimama pale muda, mpaka yule kijana anayetuongoza akaja kuuliza kama naumwa.

Miaka thelathini nashika miti iliyokufa, swahibu. Naijua kwa mistari yake, kwa uzito, kwa namna patasi inavyoingia. Pale nilikuwa nauona ubao ukinywa maji.

Kijana akanieleza kwamba miti kama ile ilikaribia kwisha. Mwaka 1999 shirika la wanyamapori lilirusha ndege juu ya msitu kuupima, likakuta maelfu ya mikamfa imekatwa kwa magendo. Nilisikia uchungu, kwa sababu miaka ile niliwahi kununua mbao za kamfa kwa bei nzuri na sikuuliza zimetoka wapi. Na unakumbuka mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakata mikoko wetu wakakaa bila kazi hadi 2019 waliporuhusiwa tena? Nililalamika sana barazani, nikasema watu wa bara wanaharibu misitu yao na sisi ndio tunaoadhibiwa. Nilikuwa na haki kwa upande mmoja, maana wakata boriti wale wana watoto. Ila nilikuwa nazungumzia msitu nisioujua.

Juu ya kamfa kuna mianzi, mingi na mirefu, imesongamana hata mchana unakuwa kama magharibi. Barabara nzima ina kinyesi cha tembo, kingine kikiwa kibichi, kinafuka. Kijana alikuwa akipiga makofi kila tunapofika kona ili tembo au nyati asishtukizwe. Tembo hatukumwona, ila tulisikia mianzi ikivunjwa bondeni, kishindo baada ya kishindo, tukasimama kimya hadi kikaenda mbali. Mbega tuliwaona wengi, wale weusi wenye joho jeupe mabegani, wanaruka kutoka mti hadi mti na mikia yao inafuata nyuma kama vilemba vilivyofunguka.

Baada ya mianzi kuna miti mizee iliyopinda, yenye gome jekundu linalobambuka kama karatasi. Matawi yake yote yana ndevu za kijani kibichi, na mashina yamevaa kitu laini kama zulia. Nikabonyeza kwa kidole. Maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Hakukuwa kumenyesha siku ile. Yalikuwa maji ya ukungu tu, mti umeyachuja hewani ukayaweka.

Hapo ndipo nilipoanza kukufikiria wewe.

Alasiri mawingu yalikuja kutoka chini, upande wa mashariki, yanapanda bonde polepole mpaka yakatumeza na hema letu. Nikamuuliza kijana mbona yanatoka upande ule. Akanijibu, “Mzee, hayo yanatoka kwenu, baharini.” Akaeleza kwamba mlima huu unapokea mvua zake kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo upande wa mashariki na kusini mashariki ndio wenye maji mengi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka mahali pengine, na upande wa kaskazini uliojificha nyuma hupata chini ya nusu ya hizo. Kusi na kaskazi, swahibu! Upepo tuliokuwa tukiuhesabu na marehemu baba yako kabla ya kutweka tanga, ule unaoleta majahazi na kuyarudisha, haukomei pwani. Huo huo huichukua unyevu wa bahari yetu hadi kwenye mianzi ile.

Usiku ulikuwa wa baridi ambayo sina mfano wake. Tulipika maharagwe tangu saa kumi na mbili yakaiva saa tatu, na bado yalikuwa magumu, kwa sababu maji huku juu huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kahawa nilipika vizuri, nikaweka tangawizi nyingi, na wapagazi wawili waliokuwa hema la jirani wakaja kuonja. Alfajiri nilipotoka kutia udhu nilikuta hema lina jalidi, linang'aa. Maji yaliniuma vidoleni kama miiba. Kibla huko ni kaskazini vile vile kama kwetu, mlima ukawa mkono wa kushoto na jua likachomoza mkono wa kulia, kutoka upande wako. Sijawahi kuswali mahali penye kimya kama kile. Watu wa sehemu zile, Wameru, Waembu na Wakikuyu, tangu zamani huelekea Kirinyaga, yaani mlima huu, wanapomwomba Mungu, na pale nilielewa kwa nini.

Siku ya pili mpwa wangu alibaki kambini na wapagazi, mimi na kijana tukapanda zaidi. Msitu unakwisha, vinabaki vichaka na nyasi, halafu mimea ambayo ukichora kwenye nakshi watu watasema umeitunga. Mmoja ni lobelia, una majani yaliyopangwa duara kama bakuli, na ndani ya bakuli mna maji. Usiku maji yale huganda juu tu, na ile barafu nyembamba inakuwa kifuniko, moyo wa mmea chini yake haugandi. Mwingine haudondoshi majani yake yaliyokufa, unayaacha yaning'inie shinani kama koti. Nilikaa nikaichora yote kwenye daftari.

Kisha tukafika mahali ambapo unaliona bonde kubwa linaloitwa Gorges, lenye kuta za mawe pande zote mbili. Chini kuna ziwa dogo, Michaelson, na maporomoko, na uzi mweupe wa maji. Kijana akasema, “Huo ni Nithi.” Nikamuuliza unaishia wapi. Akasema unaingia Tana.

Nilikaa chini juu ya jiwe. Tana, swahibu. Mto unaopita nyuma ya nyumba yako. Ule tuliouvuka kwa mtumbwi utotoni tukakatazwa kwa ajili ya mamba, ule uliokuja mwekundu hata bahari ya Kipini ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Una urefu wa kilomita 1,000 hivi, na pale nilipokaa mtoto angeweza kuuruka.

Jambo jingine nililokuwa nimeliamini maisha yangu yote ni kwamba mito ile inatokana na theluji ya mlima ikiyeyuka. Si kweli, au ni kweli kidogo sana. Barafu imebaki haba. Ile inayoitwa Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipimwa mwaka 1934 na tena 2010, ikaonekana imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Kama Tana ingeitegemea barafu ingekuwa imekauka. Maji yako yanawekwa na lile zulia nililolibonyeza kwa kidole, na mianzi, na mizizi ya kamfa. Mvua inaponyesha msitu unainywa na kuitoa kidogo kidogo miezi ya kiangazi. Ukiukata, mvua ile ile inashuka kwa siku moja, na udongo wa shamba la mtu juu yake, halafu baada ya hapo mto unabaki mwembamba.

Nikakumbuka malalamiko yako ya mpunga wa Ozi, jinsi mto ukipungua bahari inavyopanda na kuingiza chumvi mashambani. Nilikuwa nikikusikiliza kwa huruma ya mtu asiye na la kusema. Najua kuna mabwawa matano pale kati, kuanzia Masinga hadi Kiambere, nayo yana neno kubwa juu ya maji yanayokufikia. Hayo yako mbali na uwezo wa fundi seremala. Lakini mbao nazinunua mimi, kwa fedha yangu, na kutoka sasa muuzaji atanionyesha karatasi ya mahali mti ulipokatwa, la sivyo nitabaki na miembe na mifenesi ya hapa hapa. Nimeshamwambia mmoja. Hakufurahi.

Hifadhi yenyewe, ile sehemu ya juu, imelindwa tangu 1949, na mwaka 1997 UNESCO iliuweka mlima kwenye orodha ya urithi wa dunia, kama mji wetu ulivyowekwa mwaka 2001. Sikujua kwamba tuko kwenye orodha moja. Nimefurahi, ingawa nyumba za mawe zinaporomoka nikizitazama na kamfa nazo ziliibiwa, orodha ikiwapo.

Utaniuliza kama inafaa ulete wanao. Walete, ila si kwa haraka kama tulivyofanya sisi. Januari na Februari ndio miezi mizuri, njia ni kavu. Lala usiku mbili pale kwenye lango la hifadhi kabla ya kupanda, mwili uzoee. Usimkubalie mtu anayekwambia twende moja kwa moja, mpwa wangu ni kijana wa miaka ishirini mwenye nguvu na bado alitapika. Chukua soksi nyingi, kofia ya kufunika masikio, na viatu ulivyovivaa angalau mwezi mmoja kabla. Usiingie bila mwongozaji.

Sasa nina ombi. Yule kijana wa Chogoria ameniahidi kwamba masika yakianza, siku ambayo Nithi utafurika atanipigia simu. Nitakujulisha siku hiyo hiyo. Wewe nenda mtoni kila asubuhi, tazama rangi na kimo cha maji kwenye ile nguzo ya gati la zamani, uniandikie. Najua mito mingine itachanganyika humo. Nataka tu kuhesabu siku.

Mama yako nimemwekea kibweta kidogo cha mwembe, nimekichonga lobelia juu ya kifuniko. Nitampa mtu wa boti Alhamisi. Mwambie ile duara katikati ni bakuli la maji, asije akadhani ni jua.

Wasalaam,
Ndugu yako, fundi wa Langoni