Mhariri, watu wanatapeliwa chini ya habari zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo linaloniuma: matapeli wanaojipenyeza kwenye sehemu za maoni za blogu na magazeti mtandaoni. Mimi ni bwana mifugo mstaafu, naishi Muheza mkoani Tanga. Tangu nistaafu nina blogu ya Kiswahili ya ufugaji wa kuku wa kienyeji: magonjwa, chanjo, chakula cha kujichanganyia nyumbani, namna ya kulea vifaranga pasipo umeme. Si blogu kubwa, ila wasomaji wake nawafahamu kama majirani, maana wanaandika.

Chini ya kila makala nimeacha sehemu ya maoni. Wapo wanaodhani sehemu ile ni nyongeza tu. Kwangu ndiyo blogu yenyewe. Makala yangu ya kideri, ugonjwa ambao wengi wanauita mdondo, ni fupi. Nilieleza kwamba chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha hudondoshwa tone moja kwenye jicho la kuku asiye mgonjwa na kurudiwa kila baada ya miezi 3, basi. Yaliyobaki wameandika wafugaji wenyewe. Mmoja wa Songea alieleza anavyosafiri na kichupa cha chanjo kutoka mjini hadi kijijini, kimeviringishwa kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya kikapu, jua lisikifikie. Mwingine akauliza kama anaweza kumchanja kuku aliyekwisha kuanza kukoroma na kuharisha kijani. Aliyemjibu si mimi, ni mama mmoja wa Singida: huyo ameshaugua, chanjo haimponyi, mtenge haraka na wachanje waliobaki wazima. Nilifanya kazi ya serikali miaka mingi na sikuwahi kuona mafunzo yanayokwenda mbali hivi kwa gharama ndogo hivi.

Sasa matapeli wanaingia kupitia sehemu hiyo hiyo.

Walianza kwa kusifu. “Makala nzuri sana, endelea kutuelimisha kuhusu mada hii.” Wa kwanza nilimshukuru na kumuuliza anafuga wapi. Sikupata jibu. Kumbe ukibonyeza jina lake unapelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Sifa zile zile, herufi kwa herufi, zikatokea chini ya makala ya viroboto, chini ya makala ya minyoo, na siku niliyoandika taarifa ya msiba wa mfugaji mwenzetu wa Handeni aliyekuwa akitusaidia sana, ikatokea nyingine: “Habari njema, tuletee nyingine kama hii.” Mke wa marehemu aliyasoma maneno hayo kabla yangu. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na ilinichukua muda kumweleza kwamba aliyeandika vile si mtu.

Binti yangu anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyenifafanulia. Ni programu. Inatembea mtandaoni usiku na mchana ikitafuta kila fomu ya maoni iliyo wazi, inajaza na kuondoka. Haisomi ulichoandika. Mara nyingi wala haimtafuti msomaji wako. Inachotaka ni kuacha linki, kwa sababu mitambo ya kutafuta kama Google hupanga kurasa kwa kuangalia, pamoja na mengine, ni kurasa ngapi nyingine zinaelekeza huko. Kila linki inakuwa kama kura iliyoibwa. Mwaka 2005 Google walileta alama maalumu ya kubandikwa kwenye linki za maoni ili zisihesabiwe kura, na watengenezaji wakubwa wa mifumo ya blogu wakaipokea. Lakini takataka hazikukoma, kwa kuwa gharama ya kutuma maoni milioni haipishani sana na ya kutuma mawili matatu. Kuna asubuhi niliamka nikakuta maoni 214, karibu yote yameingia kati ya saa 8 na saa 10 usiku.

Nikaweka kapcha, yale maandishi yaliyopinda ambayo mtu anatakiwa kuyanakili ili kuthibitisha kuwa ni binadamu. Takataka zilipungua, na wafugaji wangu wakapungua pia. Mzee mmoja wa Korogwe alinipigia simu: “Kaka, nimejaribu mara nne, hizo herufi zako sizioni, simu yangu kioo chenyewe kimepasuka.” Niliiondoa siku hiyo hiyo. Mlango unaomzuia mzee wa Korogwe na kuwaacha wezi wakitafuta ufunguo haukuwa na faida kwangu.

Kilichosaidia ni mtego mdogo aliouweka binti yangu. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kilichofichwa. Binadamu hakioni kwenye skrini, lakini programu inasoma msimbo wa ukurasa, inakiona na inakijaza. Kikijazwa, maoni yanatupwa hapo hapo. Wiki iliyofuata yalishuka kutoka zaidi ya mia mbili kwa usiku hadi ishirini hivi. Juu ya hapo tukaweka Akismet, chujio linalotumiwa na blogu nyingi duniani, nalo linafanya kazi kubwa. Tatizo ni kwamba nalo linakosea, tena linawakosea watu wetu. Mfugaji anaandika “NAOMBA VIFARANGA 50 NIKO HALE PIGA NAMBA HII”, herufi kubwa tupu, na namba ya simu mbele. Chujio linamhesabu kuwa tapeli. Kwa hiyo kila siku ninapekua na kile kikapu cha takataka, moja baada ya jingine, nisije nikamtupa mtu mwenye shida ya kweli. Nimeokotamo maswali ya maana kweli kweli.

Ndugu Mhariri, hayo yote ni usumbufu, na usumbufu ninauvumilia. Kilichonifanya nishike kalamu ni wale ambao si programu.

Zamani ulikuwa unawatambua kwa Kiswahili chao. “Je, wewe ni katika haja ya mkopo wa haraka?” Hakuna Mswahili anayeongea hivyo, ni maneno yaliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, na msomaji wangu yeyote angeyapita. Siku hizi Kiswahili chao kimenyooka. Wanaamkia. Wanasema pole. Wanasoma alichoandika mwenye shida na kumjibu kwa jina.

Mama mmoja wa Kilosa alikuwa na kuku 60. Kideri kilipita kijijini kwao, wakabaki 4. Aliandika kwenye blogu usiku, akiuliza akae muda gani kabla ya kuingiza kuku wapya kwenye banda lile, na akamalizia kwamba hata mtaji wenyewe sasa hana, mtoto anasubiri ada. Wakati huo mimi nilikuwa Lushoto kwenye matanga ya shemeji yangu, siku tatu, mahali ambapo mtandao ni wa kupanda mlimani. Blogu yangu ilikuwa imewekwa hivi: maoni yakipita chujio yanajitokeza yenyewe bila kunisubiri. Ndivyo nilivyoiweka ili watu wasicheleweshwe.

Haikupita saa moja akajibiwa. “Pole sana mama. Usikate tamaa. Sisi tunawawezesha wafugaji wa blogu hii, mkopo kuanzia laki 5 hadi milioni 5, bila dhamana. Andika jina lako WhatsApp namba hii.” Neno lililomponza ni lile “wa blogu hii”. Akaandika. Akaambiwa atume shilingi 35,000 za fomu, akatuma. Kesho yake akaambiwa mkopo umepita, imebaki bima, shilingi 60,000. Alikopa kwa dada yake akatuma. Jumla 95,000, ambazo kwao ni mitetea sita mizuri.

Nilirudi Muheza siku ya nne. Kabla sijafungua kompyuta, simu ikaita. Sauti ya kike, ya heshima, inaomba radhi kwa kunisumbua. “Shikamoo mzee. Samahani, ile hela yenu mbona haijaja?”

Hela yenu. Sikuelewa. Nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, na kadiri alivyokuwa akisimulia nikawa nafungua ukurasa, nikayaona yale maneno yamekaa pale, chini ya picha yangu, chini ya jina langu, siku tatu nzima. Hakumwamini mtu wa mtandaoni asiyemjua. Aliniamini mimi. Nilipomwambia kwamba mimi sitoi mikopo na watu wale siwajui, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Sasa kwa nini uliwaacha waandike?”

Tuliipeleka ile namba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na mama akatoa taarifa polisi. Simu ya wale watu ilikwishazimwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kinachokataza kuwatumia watu ujumbe wasiouomba kwa nia ya kutenda kosa, na utapeli wenyewe ni kosa, hilo najua. Lakini askari hawezi kukesha kwenye blogu yangu saa 8 usiku. Anayeweza kukesha hapo ni mwenye blogu.

Tangu siku ile hakuna neno linalotokea bila mimi kulisoma. Naamka saa 11 alfajiri, nikishaswali nakaa na chai ya tangawizi, na kabla ya jingine lolote nafungua foleni. Ninachoangalia ni vitu vichache: anayetaka kumhamisha mtu kwenda WhatsApp, anayetaja hela kabla hajaulizwa, anayejibu shida ambazo hakuulizwa, na namba ya simu ambayo nimeshaiona chini ya jina jingine. Hizo namba naziandika kwenye daftari la mistari, la karatasi. Nikisafiri, binti yangu anashika zamu, naye akishindwa tunafunga maoni na kuweka tangazo la siku ya kufungua. Na juu ya kila kisanduku cha maoni nimeandika kwa herufi nene: BLOGU HII HAIKOPESHI, HAIPOKEI HELA YA FOMU WALA YA BIMA.

Sasa nakuja kwako. Ninasoma magazeti yetu mtandaoni kila siku, na kwenye kurasa zake kuna sehemu za maoni zenye watu wengi mara elfu kuliko zangu. Mwezi uliopita nilisoma habari ya mafuriko, familia zimelala shuleni. Nikashuka chini kuona wasomaji wanasema nini. Maoni ya tatu: mkopo wa haraka bila dhamana. La saba: mganga wa kurudisha mali iliyopotea na mume aliyeondoka. La tisa: kujiunga na freemason upate utajiri. Yalikuwa na siku sita pale. Sitaji gazeti, kwa sababu nimeyakuta kwenye zaidi ya moja, na sitaki ionekane nina ugomvi na mtu. Lakini anayesoma habari ya mafuriko usiku wa manane huenda ni yeye mwenyewe aliyelowa, na akikuta ahadi ya milioni mbili chini ya nembo ya gazeti analoliamini tangu enzi za baba yake, ataisoma kama mama wa Kilosa alivyosoma.

Nitaambiwa gazeti ni kubwa, maoni ni mengi, hakuna mtu wa kuyasoma yote. Basi yafungwe usiku, yafunguliwe asubuhi wahariri wakiwa kazini. Au yafungwe kwenye habari za maafa na misiba, ambako wawindaji hawa wanapenda kukaa. Yale ya zamani yafagiliwe, kwa sababu Google inamleta msomaji leo kwenye habari ya miaka mitatu iliyopita na tapeli bado anamsubiri pale. Na iwekwe sentensi moja ya Kiswahili inayoeleweka kwamba gazeti halikopeshi mtu. Hiyo ya mwisho haigharimu hata dakika tano. Kuna wenzangu waliochoka wakafuta kabisa sehemu ya maoni. Ninawaelewa, ila ninawaomba wasifanye hivyo, maana yule wa Songea na kikapu chake asingekuwa na pa kusemea.

Kijana wako yeyote wa mtandaoni akitaka kuona kazi hii inavyofanyika kwa vifaa vya mtu mmoja, namkaribisha Muheza. Aje alfajiri. Leo asubuhi foleni ilikuwa na maoni 17. Kumi na nne ya kamari, moja la mkopo, namba yake nimeiandika. Mawili ya watu. La kwanza ni kijana wa Pangani anauliza bei ya mashudu. La pili limetoka Kilosa: kuku wake sasa wamefika 23, amewachanja Jumamosi iliyopita, na anauliza kama ile miezi mitatu inahesabiwa tangu siku ya chanjo au tangu kifaranga alipoanguliwa. Nimemjibu kwamba ni tangu siku ya chanjo.

Bwana mifugo mstaafu,
Muheza, Tanga.