Rubani hakukosea kuendelea kupaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari yenu kuhusu ndege ya abiria iliyogonga kundi la mwewe ikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Baadhi ya wasomaji wamemlaumu rubani kwa kutofunga breki. Lawama hiyo haina msingi.

Kabla ya kila safari, marubani hupiga hesabu ya mwendo wa uamuzi, yaani kasi ya mwisho ambayo rubani bado anaweza kuamua kusimama, kwa kuzingatia uzito wa ndege, urefu wa njia na hali ya hewa. Mwendo huo ukishapitwa, njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama, na ndege yenye matangi yaliyojaa mafuta inaweza kuishia vichakani. Ndege za abiria zenye injini mbili hutengenezwa ziweze kupaa hata injini moja ikizima. Ndiyo maana rubani hupaa kwanza, akaituliza ndege, kisha yeye na mwenzake hufuata orodha ya dharura, huwaarifu waongozaji wa mnarani na kurudi kutua. Ukimya wao kwa abiria katika dakika hizo (unatisha, sikatai) si dharau. Wana kazi mikononi. Tukio la Januari 15, 2009, bata bukini walipoharibu injini zote mbili na ndege ikatua kwenye mto Hudson, New York, watu wote 155 wakaokoka, ni la nadra sana.

Nashauri mashirika ya ndege yawaeleze abiria haya yote mara baada ya kutua. Lawama, kama lazima ziwepo, zielekezwe kwa wanaoruhusu majalala yanayovutia mwewe karibu na viwanja; yaondolewe.