Risala ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Rungwe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mifugo wa Kata, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Ahsante kwa kupanda hadi huku kwetu na mvua hii. Wanachama wetu wengi ni akina mama, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja au wawili wa bandani.

Mheshimiwa, bei ya maziwa inatuuma, lakini leo tunaanza na hori.

Kiangazi kilichopita mwenzetu alifungua mfuko wa sileji, yaani majani ya ng'ombe yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa, aliyoivundika mwenyewe. Panya walikuwa wameutoboa ubavuni. Juu ukungu, chini majani yameshikamana na udongo, yanateleza, yananuka kama siagi iliyooza. Hakuwa na malisho mengine, akalisha. Wiki chache baadaye ng'ombe mmoja akawa anazunguka upande uleule, sikio moja limelala, udenda unamtoka. Wa pili akatupa mimba. Mtaalamu alitueleza kuwa hizo ni dalili za listeria, bakteria wa udongoni anayestawi kwenye sileji iliyoingia hewa na kukosa uchachu.

Kilichotunyima usingizi ni hiki: ng'ombe huonekana mzima kabisa, kumbe anamtoa bakteria huyo kwenye maziwa. Spiriti na laktomita, vipimo vya kituo cha kupokelea maziwa, havimwoni. Tangi la baridi halimuui, kwani hukua hata kwenye nyuzi 4. Dawa yake ni moto. Mjamzito akinywa maziwa hayo mabichi, au mgando wa maziwa yasiyochemshwa, anaweza kupoteza mimba. Na sisi tunaokamua ndio tunaobeba mimba, Mheshimiwa.

Tangu hapo majani tunayakata juu, yasibebe udongo, tunayashindilia mpaka hewa yote itoke, na mfuko tunauacha zaidi ya mwezi mzima. Penye ukungu tunatupa, hata njaa ya ng'ombe ikiwa mlangoni. Pumba ziko juu ya chaga, mbali na panya na kuku, maana vinyesi vyao huleta salmonela, bakteria mwingine wa maradhi. Mgando wa nyumbani tunauchemshia maziwa kwanza. Wazee wanalalamikia ladha, tunawabembeleza.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, mashine ya kukatakata majani. Kwa panga vipande vinabaki virefu, havishindiliki, hewa inabaki ndani, na hapo ndipo shida yote inapoanzia. La pili, maziwa yetu yapimwe bakteria maabara mara kwa mara, na majibu yafike kwa mfugaji mwenyewe, ajue hori lipi lina kasoro.

Baada ya hotuba yako, tunakukaribisha kwenye banda lile chini ya migomba. Tumefungua mfuko mmoja asubuhi hii, tungependa uinuse sileji yake mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi