Kwa nini tunarudisha baadhi ya midoli yenu

Jumamosi iliyopita mama mmoja alitushushia mlangoni kiroba kizima cha midoli ya wanawe. Tulikimwaga sakafuni, tukachambua, na robo saa baadaye tukamrudishia zaidi ya nusu. Hakufurahi. "Kumbe mnachagua kama mchele!" Kweli tunachagua: sisi tunatengeneza malori ya kuchezea kwa plastiki chakavu, na si kila plastiki inatufaa. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kulalamika, tumeona tueleze.

Plastiki haziko sawa. Kigari kimoja cha king'ora kutoka Kariakoo kinaweza kuwa na plastiki za aina tatu, bodi ya ABS, magurudumu ya PVC laini na vioo vya polistirini, ukiacha skrubu, ekseli ya chuma, betri na kile kispika ambacho kila mzazi huomba kife mapema. Sisi tunayeyusha polipropilini tu, ile plastiki ya viti na ndoo, kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi. PVC ikiingia humo kwa bahati mbaya huanza kuharibika na kutoa gesi yenye asidi, inayochoma macho na koo na kula chuma cha mashine. Kipande kimoja cha mguu wa mdoli kinatosha kutuharibia siku.

Ndiyo maana tuna beseni. Tukishasaga, chenga zote zinamwagwa kwenye maji. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, inaelea. ABS na PVC zinazama. Tunatia na tone la sabuni, maana bila hiyo hewa hung'ang'ania chenga na hata ya kuzama inaelea. Beseni lakini halimalizi kazi. Plastiki ya madumu ya mafuta ya kula, polithilini, nayo inaelea, kwa hiyo lazima itengwe kwa macho na mikono kabla ya kusagwa.

Mambo mawili hatuyapokei hata ukituongezea hela. La kwanza ni midoli laini ya zamani. PVC hulainishwa mara nyingi kwa kemikali ziitwazo fthaleti, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2005 kwamba zile zinazotiliwa shaka zaidi zisizidi asilimia 0.1 katika vitu vya watoto. Mdoli wa miaka ya nyuma hatujui una kiasi gani, na watoto hutafuna. La pili ni plastiki nyeusi ya maganda ya televisheni na kompyuta. Nyingi ilitiwa kemikali za bromini ili isishike moto, na wachunguzi wamezikuta kemikali hizo ndani ya vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa plastiki chakavu. Urejelezaji wa namna hiyo afadhali usifanyike.

Hata wakubwa huteleza hapa. LEGO, kampuni ya matofali ya kuchezea, walionyesha mwaka 2021 tofali la majaribio lililotokana na chupa za plastiki, kisha 2023 wakaliacha, kwa sababu kubadili mitambo kungeongeza hewa ya ukaa badala ya kuipunguza.

Sasa malori yetu. Kuanzia bodi hadi gurudumu ni polipropilini tupu, hakuna gundi wala skrubu. Gurudumu linabanwa kwa pini ya plastiki hiyohiyo. Likivunjika unanunua gurudumu, si lori. Lori lote likichoka, linarudi kwenye mashine bila kufunguliwa hata kwa bisibisi.

Malighafi kubwa ni viti vya plastiki vilivyovunjika miguu, vile vya harusini na misibani, pamoja na ndoo. Kwa hiyo rangi hatupangi sisi, wanapanga wenye viti. Mnaoomba ya pinki tunawaelewa, lakini ukichanganya rangi zote unapata kahawia ya matope, na pinki safi inataka ndoo za pinki za kutosha. Tuleteeni.

Kigari ambacho bado kinatembea usituletee, mpe mtoto wa jirani. Vilivyokufa vioshwe, betri zitolewe kabla havijafika hapa. Kama hujui ni plastiki gani, kigeuze utafute pembetatu ya mishale: yenye namba 5 tunaipokea bila maswali.

Mama wa kiroba alirudi Jumatano na viti vitatu, akaondoka na lori la bluu. Magurudumu ya lori la kijani yameisha. Mengine yatakuwepo wiki ijayo.